Difu Imepona, Sasa Ekseli Inaumwa

Kuna watu wanaostahili kupigwa marufuku kutoa ushauri, na wa kwanza ni yule anayesema gari la zamani ni rahisi kutengeneza kwa sababu "halina kompyuta". Kweli, langu halina. Ningefurahi lingekuwa nayo, maana kompyuta angalau huwasha taa ya kukuonya. Datsun 1600 ya mwaka 1971 haionyi mtu. Inagonga "kwa!" chini ya kiti, halafu inaendelea na safari kana kwamba aliyegonga ni mtu mwingine, na ikifika mahali pasipo na mtandao wa simu ndipo inapokueleza ilichomaanisha.

Gari hili nalitayarisha kwa ralii za wanyonge. Sizungumzii zile za Naivasha zinazorushwa hewani kwa helikopta. Nazungumzia ralii za vilabu, ambapo dereva ni mhasibu, navigeta ni shemeji yake, na gari la huduma ni pikapu ya kuazima iliyobeba jeki, mkate, dumu la maji na kijana wa gereji aliyelala juu ya magurudumu ya akiba. Hakuna mdhamini. Mdhamini ni mshahara, na mshahara wenyewe haujaambiwa.

Ukiuliza kwa nini Datsun, wazee wa hapa Buruburu watakujibu kabla sijafungua mdomo. Kila mmoja wao alikuwapo mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda ralii ya Safari kwa gari kama hili. Wengine wanasema walilisukuma kwenye matope. Wote wanaodai kulisukuma wakiwa wanasema kweli, basi lile gari halikuhitaji injini. Wakimaliza hapo wanahamia kwa Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imeshatumiwa na wengine. "Joginder alishinda na mtumba," wananiambia huku wameegemea boneti yangu. "Wewe shida yako nini?"

Shida yangu ni kwamba Joginder alikuwa fundi, na mimi nalipa fundi. Halafu mbona hakuna mzee anayetaja kwamba mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho wa Safari? Saba! Mwaka 1963 yalianza 84. Hao saba nimeshasikia habari zao hadi nimezikariri. Nataka kusikia wale wengine walivunjikiwa nini, maana hao ndio ukoo wangu.

Ugonjwa wa gari langu ulianzia kwenye klachi. Ya awali ilikuwa ikiteleza kwenye milima: injini inapiga kelele, gari linatambaa, na ndani kunanukia kama mtu anaunguza kiatu. Fundi wangu, mzee mmoja wa maneno machache na bei nyingi, akasema tuweke diski ya mashindano. Diski ya kawaida ina springi katikati, na bitana zake zina ulaini kidogo, ndiyo sababu gari huondoka kwa heshima. Hii ya mashindano ina vipande vichache vya shaba ya kushindiliwa na haijui heshima. Ama imeshika, ama haijashika. Ukiwa kwenye foleni ya Jogoo Road jioni, gari linaruka hatua moja, linazima, linaruka tena. Makanga wa matatu iliyokuwa kando yangu alichungulia dirishani akaniuliza kwa upole, "Mzee, mwalimu wako ameshukia wapi?"

Lakini haikuteleza tena, na fitina ikaanzia hapo hapo. Kumbe kule kuteleza kulikuwa ndiyo rehema ya giaboksi. Miaka yote hiyo klachi ilikuwa ikimeza kila kishindo kabla hakijafika kwenye gia. Siku kishindo kilipopitishwa chote bila kupunguzwa, gia ya tatu ilipoteza meno mawili, na hayo meno mawili, badala ya kutulia chini ya mafuta, yakaenda kutembelea gia nyingine.

Basi tukatafuta giaboksi ya gia tano kutoka kwa Nissan za baadaye. Inafunga kwenye injini ile ile, na ni ngumu zaidi. Ila niliyoipata ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na giaboksi ikirefuka, propela lazima ifupishwe. Propela ni ile nondo nene ya bomba inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Nikaipeleka kwa fundi wa leithi, naye akaikata, akaichomelea, akaipiga rangi nyeusi, akanipa ikiwa inang'aa hadi nikaona haya kuifunga chini ya gari ambako haitaonekana.

Kwa kilomita 60 kwa saa ilikuwa tulivu. Ikifika 80, kioo cha ndani kilianza kutikisika nikawa naona magari manne nyuma yangu badala ya moja. Fundi alilala chini, akaangalia kwa tochi ya simu, akacheka. Krosi, kile kiungo cha kwenye ncha ya propela, inapokuwa imejipinda kidogo, haizungushi kwa mwendo ulio sawa. Katika kila mzunguko inaharakisha, inachelewa, inaharakisha tena. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha makosa ya mwenzake, mradi uma za pande zote mbili zimekaa kwenye mstari mmoja. Yule wa leithi alipochomelea, uma moja ilitazama Machakos na nyingine Murang'a. Nilipomrudia hakukubali wala kukataa. Alisema, "Hukuniambia unaenda mbio."

Sasa tuje kwa difu, ambako nimeacha pesa na sehemu ya ndoa yangu.

Difu ya kawaida ina tabia moja mbaya. Gurudumu moja la nyuma likikosa mshiko, hilo ndilo linalozungushwa, na lile lenye mshiko linakaa kutazama. Anayeteleza ndiye anayepewa, anayeweza ndiye anayenyimwa. Nimefanya kazi ofisini miaka mingi, mtindo huo naujua. Kwenye barabara ya lami huoni tatizo, lakini kwenye kona yenye kokoto gurudumu la ndani huinuka, nguvu yote ikaishia hewani, na navigeta akapata muda wa kunywa maji.

Dawa ya maskini ni kuchomelea vile vipinyoni vya ndani, ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja yapende yasipende. Rafiki yangu wa klabuni amefanya hivyo. Kwenye vumbi gari lake ni hatari kweli kweli. Kwenye lami, kwa kuwa gurudumu la nje linapaswa kwenda umbali mrefu kuliko la ndani na sasa haliwezi, magurudumu yanaburuzwa yakilia. Akiingia maegesho ya supamaketi walinzi hutoka mbio wakidhani pamegongwa mtu. Mkewe siku hizi anashukia langoni.

Mimi nikasema nitatafuta difu ya kubana, ile yenye sahani ndani zinazozuia gurudumu moja kukimbia peke yake. Na hapa bahati ilinitazama kwa jicho moja. Difu ya Datsun 1600 ni ya ukoo uitwao R160, jina linalotokana na kipenyo cha kraunwili, ile gia kubwa ya ndani, milimita 160. Ukoo huo huo ndio uliotiwa nyuma ya Subaru nyingi zilizokuja baadaye. Maana yake ni kwamba wale vijana wa mtaani wanaotuamsha usiku wa manane kwa milio ya bastola kutoka kwenye ekzosi wamekalia spea zangu. Tangu nijue hilo siwachukii tena. Nawatazama wakipita, najiuliza ni lini watagonga kitu, kwa mbele tu, Mungu awalinde wao na difu.

Nikaenda Grogan. Msomaji asiyeijua Grogan ashukuru. Unaingia kutoka Kirinyaga Road, na kabla hujasema unatafuta nini umeshaambiwa ipo. Broka mmoja alinishika mkono akaniketisha juu ya injini. "Mzee, difu ya Subaru? Ya kubana? Hiyo ndiyo tunayo." Ikaletwa, imefutwa vizuri kwa petroli. Kuna njia rahisi ya kuijaribu. Zungusha flenji ya upande mmoja kwa mkono. Difu ikiwa ya kawaida, flenji ya pili itageuka kinyume. Ikiwa ya kubana, zote zitafuata upande mmoja. Nikazungusha, na kweli, ya pili ikafuata upande mmoja. Nikafurahi, nikainama kuitazama vizuri, nikamwona kijana amechuchumaa upande wa pili wa meza, ameishika flenji kwa mikono miwili na ananifuatisha. Wala hakuona haya. "Ilikuwa imekauka, nilikuwa naisaidia," alisema.

Hatimaye nilipata ya kweli, lakini resho yake haikunifaa. Gari langu lilikuwa na 3.9, yaani propela inazunguka mara 3.9 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa ralii fupi za milimani nilitaka 4.44, ambayo Subaru nyingine zinayo. Gari linachomoka kwenye kona vizuri zaidi, ila kwa mwendo ule ule injini inazunguka karibu asilimia 14 zaidi. Ukienda nalo Nakuru kwa barabara kuu, mnafika wote mmechoka, wewe na injini. Kwa hiyo kiini cha kubana kikatoka kwenye difu moja, kraunwili na pinyoni zikatoka kwenye nyingine, na fundi akawa na kazi ya kuwaozesha watu wasiofahamiana.

Kazi hiyo ndiyo inayotenganisha fundi na mshika spana. Pinyoni, ile gia ndogo inayozungusha kraunwili, lazima ikae kwa kina chake hasa, na hicho kina kinapangwa kwa shimu, vibati vyembamba unavyoongeza au kupunguza. Halafu kuna ule mchezo mdogo kati ya meno ya pinyoni na ya kraunwili: uwe mkubwa kupita kiasi, yatagongana, usipokuwepo, yataungua. Unahitajika upana wa kama karatasi moja au moja na nusu, na unapimwa kwa saa maalumu yenye sumaku ambayo fundi wangu huitoa kwenye soksi. Mwisho unapaka meno rangi, unazungusha, unatazama pale rangi ilipofutika. Alama ikae katikati ya jino. Ikiwa pembeni, fungua vyote, badilisha shimu, anza tena.

Rangi yenyewe hatukuwa nayo. Ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, na fundi akaniuliza kama nyumbani hakuna kitu chochote chenye mafuta mafuta na rangi kali, kisichokauka upesi.

Kelele zilisikika baadaye kidogo kutoka dirisha la chumbani. "Baba Watoto! Rangi yangu ya mdomo iko wapi?"

"Ipi?"

"Ile dada aliyoniletea kutoka Dubai!"

Fundi aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta spana. Nilisema iko kwenye difu. Kukawa kimya, kimya cha aina ambayo mume yeyote anaijua. Kisha mke wangu akateremka mwenyewe, kanga mabegani, akasimama juu yetu akaitazama kraunwili iliyopakwa vizuri meno yote, inang'aa wekundu. Akaitazama kwa muda. "Imempendeza," alisema. "Angalau kuna mmoja humu nyumbani anayepelekwa mahali." Fundi, bila kuinua macho, akamjibu kwa adabu zote, "Mama, shukrani, ila imekolea upande wa nje. Tutaomba tena kidogo."

Ilipakwa, ikafunguliwa, ikapakwa, hadi ikaisha kabisa, na alama ikakaa katikati. Sijapata kuona kitu kizuri kama jino lile. Nililipiga picha. Nimelipia rangi nyingine, na ninaendelea kulilipia jambo hilo kwa njia zisizohitaji fedha.

Baada ya hapo yalibaki mafuta, ambayo watu huyachukulia kwa mzaha. Difu ya kubana inataka mafuta yenye kiungo chake maalumu, la sivyo zile sahani hunata na kuachia, na gari linaguguma kila ukikata kona. Giaboksi nayo ina mambo yake. Mafuta mazito ya difu yaliyoandikwa GL-5 yana dawa ya salfa inayolinda kraunwili, lakini dawa hiyo inaweza kula zile ringi za shaba zinazolainisha uingizaji wa gia, kwa hiyo giaboksi ya zamani inapewa GL-4. Nilimweleza mwenye duka haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akanitazama kwa huruma, akaniuliza, "Kwa hivyo nikupe ya trekta?"

Difu ikapona. Nalisema hilo wazi ili fundi asidai nimemharibia jina. Gari lilianza kutoka kwenye kona magurudumu yote mawili yakichimba, na shemeji, ambaye kazi yake ni kunisomea barabara, alipoteza ukurasa kwa sababu hakuzoea kona kuisha mapema.

Ila mnajua kilichofuata. Klachi imekataa kuteleza, giaboksi imekataa kukatika, propela imenyooka, difu imebana. Kishindo bado kipo, na kimetumwa kwenye ekseli. Ekseli za Datsun hii zina krosi pande zote mbili, na katikati zinateleza moja ndani ya nyingine, ili urefu ubadilike gurudumu linapopanda na kushuka. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu, sehemu ile inayoteleza inakazwa na msuguano, haitelezi tena. Gari likitua kutoka kwenye tuta huku umekanyaga, kitu lazima kikubali kushindwa, na kwa kawaida ni krosi. Nikamwambia fundi nataka ekseli za kisasa, tumalize ugonjwa huu.

Ndipo mzee yule aliposema sentensi yake ndefu kuliko zote tangu nimjue. "Mkubwa, huwezi kumaliza. Unachagua tu unataka kivunjike nini. Krosi ni ya bei ndogo, naifungua kwa nyundo na koleo nikiwa nimelala kwenye miiba. Ukiikaza krosi, kitavunjika kilicho mbele yake. Sasa sema, unataka kivunjike nini?"

Ni swali ambalo hakuna duka la spea litakalokuuliza. Duka linakuuzia kilicho kigumu zaidi, kisha linangoja urudi kununua kinachokifuata. Nimeona magari ya wenzangu yaliyokazwa kila mahali kwa pesa za mkopo, yakakatika kiini cha giaboksi katikati ya pori la Kajiado, yakavutwa na trekta. Nimeona pia mzee mmoja mwenye Peugeot 504 aliyeacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, anaondoka taratibu kwenye kona, anamaliza, anakwenda kula nyama. Huyo simpendi. Anatuharibia mazungumzo.

Shemeji akashauri tubaki na krosi na tubebe ekseli kamili ya akiba, imeshafungwa krosi mpya, imezungushiwa gunia. Ikafungwa nyuma ya kiti chake. Mwanzo wa ralii nilijisikia mtu mwenye mpango. Barabara ilikuwa ya vumbi jeupe laini, lile linaloingia puani na kwenye chujio la hewa kwa kiwango kile kile, na krosi zilishika. Kila tulipovuka korongo nilitega sikio nisikie ule mlio wa "kwa!", nao haukuja.

"Kushoto ndefu, inafunga, shimo ndani," alisoma shemeji. Tukaingia. Nikakanyaga. Gari likachimba vizuri ajabu, likatoka, kisha upande wa kulia nikaona gurudumu linatupita. Lilikuwa peke yake, limenyooka, linakwenda kasi kuliko sisi.

"Shem," alisema shemeji kwa sauti ya kusoma, "hilo ni letu?"

Lilikuwa letu. Stadi zote nne za gurudumu la nyuma zilikatika sawasawa, kana kwamba zilipangiwa saa. Tukakaa pale juu ya bamba la chini, tumeinama upande mmoja, ekseli ya akiba ikiwa imefungwa kwenye gunia lake bila kazi. Vijana wa kijiji walilikimbilia gurudumu, wakalirudisha wakilisukuma kwa fimbo, wakaanza mazungumzo ya pesa ya soda, halafu ya chakula cha mchana, halafu mwakilishi wao akauliza kama namba yangu ya M-Pesa ni ile ile iliyoandikwa mlangoni.

Nilimpigia fundi. Alinyamaza kidogo, nikasikia anapuliza chai.

"Stadi za zamani ni nyembamba," alisema. "Tutaweka za Subaru. Lakini Subaru ina stadi tano, hivyo tubadilishe habu. Na habu ikibadilika, rimu zako hazitaingia. Unazo rimu?"

"Sina."

"Basi uza hizo. Kuna mtu ana Datsun kama yako hapa, ameshamaliza difu."